Satini Isiyokatwa

Siku hiyo mkasi ulikuwa umetundikwa msumarini, na wote wanaonijua wanaelewa maana yake. Mkasi ukiwa mezani, Fundi yuko kazini. Ukiwa msumarini, Fundi anaumwa: leta vifungo, leta pindo la kukunja, leta hata umbea, lakini usimtajie kukata.

Utaratibu huo niliuweka mwenyewe, tangu nilipomkatia bibi harusi mmoja mikono miwili ya gauni, yote ya kushoto. Kosa hilo fundi wa kweli hulifanya mara moja tu maishani, na hulifanya akili ikiwa kwingine. Yangu siku hiyo ilikuwa kwenye maumivu. Baada ya hapo nikaapa: siku mbaya nitashona, nitapiga pasi, nitacheka na wateja, ila kitambaa cha mtu sikati.

Maumivu yenyewe huanzia kwenye kovu, pale lilipokuwa titi langu la kushoto. Yanapita kwapani kama waya uliopata moto, yanashuka mkononi mpaka kwenye ncha za vidole, ambazo zimebaki na ganzi tangu enzi za zile dripu za saratani. Saratani imekwisha. Daktari amesema hivyo zaidi ya mara moja, na picha zake zimekubaliana naye. Nimepona. Neno hilo nimelisikia mpaka nikalichukia, kwa sababu kila anayeniuliza "si umepona?" anachotaka ni mimi nisimame, nitabasamu, nibebe robota la kitambaa. Nimepona na ninaumwa. Yote mawili ni kweli, na asiyetaka kuelewa basi, mimi nimechoka kueleza.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba maumivu yana fikra zake. Siku yakiamka nami, kila ninachokitazama kina kasoro. Mteja akiniletea kazi kubwa naona nitaiharibu. Shoga akinialika kwake naona ananihurumia. Kesho yake, yakipungua, nakaa najiuliza ni nani aliyesema "hapana" kwa mdomo wangu. Ndiyo maana ile sheria ya mkasi nikaipanua: siku ya maumivu sikati, na siamui. Nitakujibu siku nzuri.

Nilidhani hiyo ni busara, kumbe ndiyo iliyokuwa ikitaka kuninyima mwanamume ninayempenda.

Aliingia mchana, mfuko wa vifaa begani, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Ni fundi wa lifti. Lifti ya jengo hili letu ni mgonjwa wake wa kudumu, ingawa nimeanza kushuku kwamba siku nyingine haijaharibika kabisa. Macho yake yalikwenda kwanza msumarini, halafu kwenye rafu nyuma yangu, ambako kuna satini nyeupe ya maziwa iliyofunikwa shuka kuukuu. Satini hiyo ni yangu. Ni gauni langu mwenyewe, limechorwa chaki kila kipande na halijakatwa. Chaki haidumu, inafutika. Kila ikififia naiteremsha satini, naichora upya, naikunja, naipandisha tena. Yeye anajua. Amewahi kunikuta nikiichora, hakusema neno, alisimama tu mlangoni akanitazama mpaka nikaona haya.

"Mkasi uko msumarini," alisema.

"Macho unayo."

"Kwa hiyo na leo hapana."

"Leo sijasema hapana wala ndiyo, Bwana Lifti. Leo naumwa."

Alitua mfuko wake taratibu, akavuta kiti cha wateja, akakaa. Ana namna yake ya kunitazama. Wanaume wengine wakishajua, macho yao hukimbia kifua changu, au huganda hapo hapo. Ya kwake hayakimbii wala hayagandi. Yananitazama mimi, mzima mzima, kama mtu anayesoma barua anayoipenda na hana haraka ya kufika mwisho.

Tulikutana kwenye lifti ya hospitali, yaani mimi nikiwa ndani na yeye nje. Ilikwama nikitoka kupigwa mionzi. Taa ikazimika, nikasikia sauti kwenye ufa wa mlango: "Dada, uko peke yako humo?" Nikajibu, "Niko na kansa yangu, tunabanana." Kisha nikasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyejaribu kujizuia akashindwa. Wakati ule kila aliyesikia neno hilo aliinamisha kichwa akaanza kuongea kwa kunong'ona, na huyu alicheka. Mlango ulipofunguka nikauona uso wake umejaa masizi, naye anaomba radhi huku bado anacheka, nikajua nimekwisha.

"Mama anakuja leo," alisema.

Sindano ikanichoma kidole, ingawa nilijua tu kwa kuona damu.

"Anakuja kushonesha?"

"Anakuja kukuomba uniache."

Nilimtazama. Hakuzungusha maneno, na hilo nililipenda hata wakati nalichukia.

"Jana nilimwambia nakuoa," aliendelea. "Akaniuliza swali moja tu. Yeye mwenyewe amekubali? Nikakosa jibu, Fundi. Mtu mzima kama mimi, nimekaa mbele ya mama yangu natazama viatu."

"Ungemwambia nitajibu."

"Lini?"

"Siku nzuri ikija."

"Zimekuja!" Alisimama. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Wiki iliyopita ilikuja. Uliimba asubuhi nzima, nikakuuliza, ukaniambia leo nimeamka vizuri, usiniharibie kwa mambo mazito. Siku mbaya hutaki kuamua. Siku nzuri hutaki kuharibu. Sasa mimi nikuulize siku gani?"

Hasira zilinipanda kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kweli ikisemwa na mtu unayempenda inauma mara mbili.

"Wewe hujui," nilisema.

"Sijui. Niambie."

"Unataka nikwambie? Siku kama ya leo nikikutazama namwona mwanamume atakayechoka. Nakuona umeamka, umenikuta nimejikunja, unajifanya bado umelala. Nakuona umeanza kuchelewa kurudi. Umeondoka kabla hata hujaingia! Unataka nikujibu kwa macho hayo?"

"Na siku nzuri unamwona nani?"

Niligeuza uso. "Nakuona wewe."

Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi bila kukoma. Yeye alikuja mpaka upande wa pili wa meza ya kukatia, akaweka mikono yake yenye grisi nyuma ya mgongo asije akachafua kitu.

"Mimi sikuombi siku zako nzuri," alisema polepole. "Hizo wape wateja. Wape mashoga zako. Mimi nipe hizi."

"Hizi hazina raha."

"Kazi yangu yote ni vitu vilivyokwama. Nani kakwambia nafuata raha?"

"Unaniita lifti?"

"Nakuita mkaidi."

Nilicheka, na kucheka kukanichoma chini ya kovu, nikajishika kifua. Alisogea hatua moja akasimama, kama nilivyomfundisha. Yakinipata nisiguswe. Aningoje mpaka ninyooshe mkono mwenyewe. Alingoja, midomo ameibana, kana kwamba yeye ndiye aliyechomwa. Nilinyoosha mkono wa kulia, akaupokea. Ncha za vidole vyangu hazikumsikia, ila kiganja kilisikia joto lake lote.

"Nakupenda hata ukiwa na sura hiyo," alinong'ona.

"Sura gani?"

"Ya kutaka kunipiga na pasi."

Hapo ndipo tuliposikia mtu anahema kwenye ngazi.

Duka langu liko ghorofa ya tatu, na mama yake hapandi lifti. Ndiyo, mama wa fundi lifti. Anasema anamjua anayezitengeneza tangu alipokuwa akibomoa redio za watu, na hawezi kumwamini. Alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, na mwenyewe hajaarifiwa kwamba amestaafu. Aliingia ameshika goti kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine, na nyuma yake, jambo ambalo sikulitegemea, akaingia dada yangu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, binti." Nina miaka thelathini na minane, lakini kwake kila asiyeolewa ni binti. Akamtazama mwanawe, akatazama mikono yetu. "Wewe hukuwa kazini?"

"Niko kazini, mama. Lifti mbovu."

"Naijua hiyo lifti."

Nilimgeukia dada. "Na wewe umetoka wapi?"

"Mama huyu alinipigia," alisema dada, huku macho yake yameshafika msumarini na kurudi kwangu. "Umekunywa dawa? Mbona umekaa upande? Mdogo wangu, si nilikwambia leo usije dukani?"

Dada yangu ndiye aliyeninyoa nywele zilipoanza kudondoka. Alilala sakafuni kando ya kitanda changu, aliniogesha, alinilisha kwa kijiko, aliwafokea manesi na baadaye akawaomba radhi. Mungu amlipe. Lakini tangu hapo anaamini mwili huu ni wetu sote wawili, na katika hisa hizo yeye ana nyingi zaidi.

Mama yake Bwana Lifti alikaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha goti, akaanza bila kuomba maji.

"Mimi si mtu mbaya," alisema.

"Sijasema, mama."

"Ninakuheshimu. Kazi zako nimeziona, ni safi. Ulichopitia nakijua, Mungu ashukuriwe umepona. Lakini huyu ni mwanangu wa pekee. Nikimtazama namwona anaingia kwenye nyumba ya dawa. Na wajukuu? Nikuulize bila kuficha, watakuwepo?"

"Mama!" alisema Bwana Lifti.

"Sikukuuliza wewe."

"Pengine hawatakuwepo," nilimjibu. "Dawa zile hazichagui cha kuacha. Mwanao nilimwambia siku nyingi, kabla hajanishika mkono."

"Nami nilimjibu," alisema yeye, "na jibu langu halijabadilika."

Mama yake hakumsikiliza. Aliinama kuelekea kwangu, na sauti yake ikawa ya upole, upole ule wa mwalimu anayekushauri urudie darasa. "Basi nisaidie. Mwambie wewe. Mimi akinisikia anaona nampinga. Wewe ukimwambia hapana, ataelewa. Atalia kidogo, ataelewa."

Dada akaingia kati. "Mama, samahani. Leo siyo siku ya kumuuliza. Akiwa hivi hajui anachosema. Anaweza kukubali kwa kuogopa upweke, anaweza kukataa kwa kukata tamaa. Maumivu ndiyo yanayosema. Tumwache." Akamgeukia Bwana Lifti. "Na wewe shemeji, au sijui nikuiteje, kama unampenda mwache apumzike. Harusi si mchezo. Kusimama kutwa nzima, kukumbatiwa na kila mtu, unajua kumbatio moja linamfanya nini?"

"Hata mimi naona hivyo," alisema mama yake. "Apumzike."

"Mtu wa hali hii anahitaji utulivu."

"Kabisa. Utulivu."

Walikuwa wamekubaliana! Wanawake wawili ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja, wameelewana juu ya kichwa changu kama watu wanaohamisha kabati. Kitu fulani kikanipanda. Nilidhani ni maumivu. Hayakuwa maumivu.

"Mmemaliza?" niliuliza.

"Mdogo wangu, kaa..."

"Sikai! Nikikaa yanaongezeka, na wewe unajua, dada. Nisikilizeni. Nikisema ndiyo, maumivu yananidanganya. Nikisema hapana, maumivu yamenikatisha tamaa. Nikinyamaza, maskini, amechoka. Sasa mimi mwenyewe nasema saa ngapi?"

Bwana Lifti alikuwa ametazama chini, na niliona amejizuia asije akanisemea. Kwa hilo peke yake ningeweza kumuoa mimi.

"Mama," nilisema, "goti linakuuma?"

Alishtuka. "Linaniuma tangu mwaka juzi. Kwa nini?"

"Linauma sana?"

"Usiku silali. Lakini hayo..."

"Na umepanda ngazi mpaka juu hapa. Nani aliamua, wewe au goti?"

"Goti litaamua nini? Niliamua mimi."

"Huku linauma?"

"Huku linauma!" alisema kwa ukali, kisha akasikia alichokisema. Alinitazama kwa muda, jicho moja amelifinya kidogo. Nadhani ndivyo alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliomshinda hoja, kabla ya kuwapa adhabu ya utovu wa nidhamu.

"Mimi pia," nilisema. "Maumivu yangu yapo. Kesho yatakuwepo, na siku ya harusi yatakuja bila kualikwa, yatakaa kiti cha mbele. Yakae. Muda wote huu nimekuwa nayangoja yatoke chumbani ndipo niongee na mtu ninayempenda. Hayatoki. Basi yasikilize."

"Maneno mazuri," alisema mama yake. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alinyoosha kidole, si kwangu, bali kwenye rafu, kwenye ile shuka kuukuu. "Mwanangu ameniambia kuna satini pale, inachorwa kila siku na haikatwi. Mtu aliyeamua, kitambaa chake kinafanya nini rafuni?"

Nilimtazama Bwana Lifti. Aibu ikamjaa mpaka masikioni.

"Alinibana," alisema. "Unamjua alivyo."

Swali lilikuwa la haki. Nilikwenda kwenye rafu na kuiteremsha satini kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukisaidia kidogo na kulalamika sana. Niliitandaza kwenye meza. Mistari ya chaki ilikuwepo, yote, mwili wa mbele, wa nyuma, sketi, mikono. Mara ya mwisho niliichora juzi tu, siku nayo mbaya, kwa kujifariji. Nikaenda msumarini.

"Usifanye hivyo," alisema dada, na sauti yake ilikuwa ya woga wa kweli. "Ngoja hata kesho asubuhi. Kitambaa kama hicho hakipatikani tena. Utajutia."

"Nikijuta nitajuta mwenyewe, dada. Hata kujuta mmeninyima."

Mkasi ulikuwa mzito kuliko kawaida. Niliushika kwa mikono miwili. Sikuwatazama. Nilianza na sketi, mstari mrefu, na satini ikatoa ile sauti yake ninayoijua tangu utotoni kwenye meza ya mama, sauti kama ya mtu anayevuta pumzi. Waya wa moto ulipita kwapani, ukashuka. Nikaendelea. Nilikata mwili wa mbele, nikakata wa nyuma. Jasho likanitoka, Bwana Lifti akaja kunishikilia kitambaa kisiteleze, kwanza akipangusa mikono yake mara tatu kwenye suruali, naye hakusema "pole" wala "acha nikusaidie". Alishika tu, akisogea ninaposogea. Mwisho nikakata mikono, mmoja, wa pili, nikatua mkasi mezani. Mezani, si msumarini.

"Basi," nilisema. "Imekatwa. Nakuoa, Bwana Lifti. Mama akiridhia nitafurahi sana, na asiporidhia nitamsalimu kwa heshima kila Jumapili mpaka achoke."

Bwana Lifti alifunika uso kwa viganja. Aliposhusha mikono alikuwa na alama mbili za grisi mashavuni na macho yamejaa machozi.

Dada alikuwa ameshaanza kukusanya vipande, kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure. Akainua mikono miwili ya gauni dhidi ya mwanga wa dirisha. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Nguo zangu zote nazishona mkono wa kushoto mpana kuliko wa kulia, kwa sababu mkono wangu wa kushoto huvimba tangu walipotoa tezi za kwapani, na mkono mpana mrefu huficha. Aliyoishika ilikuwa mipana. Yote miwili.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo.

Niliona kabla hajamaliza. Juzi, kwenye siku ile mbaya, nilichora wa kushoto mara mbili. Na leo, kwa hasira zangu, nikafuata chaki bila kukagua. Nilitazama meza. Vilivyobaki vilikuwa vipande vya kutengenezea vifungo tu, na satini haigeuzwi, inang'aa upande mmoja.

Mama yake aliinuka, akaja kuangalia. Hakuwa fundi, lakini alielewa. "Unaona?" alisema. Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa karibu huruma, na hilo ndilo lililonichoma. "Unaona sasa, mwanangu? Dada yako alikwambia."

Kwa kitambo kidogo niliyaona yote kwa yale macho ya siku mbaya: gauni limeharibika, na harusi itaharibika, na ndoa. Yote ni mikono miwili ya kushoto. Kanuni yangu ilikuwa sahihi. Rudisha mkasi msumarini, mwambie aende. Sauti ile ilikuwa tayari imeshafika kwenye ulimi wangu, na ilikuwa inafanana sana na yangu.

Nikamtazama Bwana Lifti. Hakuwa anaitazama mikono ya gauni. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja, kama alivyongoja nje ya ule mlango wa lifti.

Nikaanza kucheka. Kukanichoma, nikacheka tu.

"Naona, mama," nilisema. "Nimekosea. Maumivu yamenikosesha, ni kweli, na sitabisha. Lakini watu wasioumwa hawakosei? Huyu mwanao hana maumivu yoyote, na jana amekwenda kukwambia habari za satini yangu."

Dada alicheka bila kutaka, pua ikatoa sauti.

"Sasa gauni litakuwaje?" aliuliza.

"Halitakuwa na mikono."

Kicheko chake kikakatika. "Bila mikono? Na... mkono wako?"

Nilifungua kifungo cha mkono wa kushoto wa blauzi, nikaupandisha hadi begani. Ndani nilivaa soksi ndefu ya kubana uvimbe, rangi ya udongo, iliyoanzia kiganjani ikaishia begani, na ndani yake mkono wenyewe ulikuwa umetuna, mnene kuliko mwenzake, yeyote angeuona. Hakuna mteja aliyewahi kuuona. Hata Bwana Lifti alikuwa hajauona mchana kweupe.

"Watu watautazama," alisema dada, na sasa alikuwa analia. "Mdogo wangu, wataongea. Picha zote."

"Waongee. Wewe uliuosha ukiwa mbaya zaidi ya hivi, ukasema ni mkono wa mdogo wako. Mimi ndiye niliyeuficha, na umefichwa vya kutosha."

Alinijia, akakumbuka, akasimama kwa mbali mikono imenyooshwa. Nilimsogelea mwenyewe, upande wa kulia, nikamwegemezea kichwa begani. Alinishika polepole mno, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Kama yatakuzidi siku hiyo?" alininong'oneza.

"Nitakaa chini. Viti vitakuwepo."

Nilipoinua kichwa, mama yake alikuwa amechukua mwili wa mbele wa gauni na kuuweka dhidi ya kifua changu, kwa mbali, bila kunigusa, kichwa ameinamisha kama anayesahihisha insha. Alitazama kovu lilipo, akatazama kwapa, akatazama ule mkono. Nilingoja aseme neno. Nilijua litakuwa kali, na nilijua nitalijibu.

"Hapa kwapani patakubana," alisema. "Paongeze."

"Sina kitambaa, mama."

"Hii mikono yako miwili ya kushoto si kitambaa?" Alivuta kijaluba cha pini kutoka mezani bila kuomba ruhusa. "Na usinitazame hivyo. Sijakubali."

"Sawa, mama."

"Nimesema tu kwamba patakubana."

"Nimesikia, mama."

Alibana pini ya kwanza kinywani, akakunja kipande cha mkono uliokosewa, akakipima kwapani kwa uangalifu ambao sikuwa nimeutegemea. Mara moja goti lilimuuma, akashika meza, akaendelea. Bwana Lifti alisimama katikati ya duka akitutazama wanawake watatu kana kwamba amesahau njia ya kutokea.

"Na tarehe?" aliuliza hatimaye. "Niangalie siku gani?"

Mkono ulikuwa unawaka. Pini ya mama yake ilikuwa karibu mno na kovu, na vidole vyangu vyote vilikuwa na ganzi.

"Yoyote," nilimwambia. "Wala usinitafutie nzuri."